Siku ya watoto ku kiwanja: mambo tunaomba kila mwanachama asikie

(Maneno haya yalisemwa na komite mu mukutano wa wanachama, hapa Bweremana, mwanzo wa mwezi wa sita 2025. Tunayachapisha kwa ajili ya wale hawakufika, na kwa wenzetu wangali Goma na Minova.)

Ninyi watoto muko pa dirisha, tunawaona. Mubaki tu pale, juu maneno ya leo ni yenu.

Tumewaita juu ya tarehe 16 Juni. Wengi munajua kwamba ni Siku ya Mutoto wa Afrika. Wale walisahau, tuwakumbushe mbiombio: tarehe 16 Juni 1976, kule Soweto, Afrika ya Kusini, wanafunzi walitoka mu masomo kwa maelfu kukataa kufundishwa kwa luga ya Afrikaans. Polisi wakawapiga masasi. Hector Pieterson alikuwa na miaka 12 tu, na picha yake akibebwa mikononi ilizunguka dunia nzima. Njo maana wakubwa wa Afrika waliweka siku hii, na inasherehekewa tangu 1991.

Sisi hatutafanya maandamano wala parade. Tunataka kitu kidogo: asubuhi moja, watoto wa Bweremana wacheze pamoja ku kiwanja chao, sisi wakubwa tukiwa pale, bila mutu kuitwa jina. Hayo maneno ya mwisho, muyaweke pembeni, tutayarudilia.

Mutu atauliza: kwa kucheza tu, munaita mukutano wa nini? Watoto si wanacheza wenyewe?

Tuseme kile tuliona. Munajua namna tulitoka hapa Februari 2024, wakati vita ilifika Shasha na barabara ya Sake ikafungwa. Wengine walishuka Minova kwa miguu, wengine walipita ku ziwa mupaka Kituku. Munajua pia namna tulirudi mwaka huu Februari. Mu siku chache makambi yaliisha: Bulengo, Lushagala, Mugunga, Rusayo. Kila mutu alikunja shiti yake, akafunga sufuria, mutoto ku mugongo, na njia ikajaa. Kufika hapa, nyumba zingine hazina mulango, zingine hazina bati, zingine zimebaki alama tu mu udongo. Kila mutu aliangalia paa lake na shamba lake. Nani angewaza kiwanja? Hata sisi wa komite, mu mikutano mine ya kwanza, neno «kiwanja» haliko mu kaye ya sekretere. Kuko mbegu, kuko bati, kuko matanga mawili, kuko mama aliyejifungua njiani. Kiwanja, hapana.

Watoto wenyewe njo walitukumbusha, na hawakukusudia.

Ilikuwa siku ya mungu moja mu mwezi wa ine, kisha misa. Tulikuwa tumekaa kwa muzee mumoja, tunapiga habari, watoto wanacheza chini ya muti wa avoka. Kijana mumoja alipanda juu ya jiwe, mukononi kipande cha karto na kijiti, anafanya kama anaandika. Wengine wamesimama mu mulolongo. Anaita majina. Kamwana kamoja kakafika mbele na mutoto wake wa majani ya ndizi ku mugongo. Kijana akaangalia karto yake, akasema: «Wewe jina lako haiko. Rudi kesho.» Kamwana kakajibu: «Lakini niko na mutoto mudogo.» Na yeye: «Mutoto haiko ku lisiti.» Wakacheka wote, wakaendelea na mwingine.

Mbele kidogo, wenzao walikuwa wamevuta kamba njiani, na mutu hapiti kama hajatoa. Franga yao ni majani ya avoka.

Sisi pia tulicheka. Sauti ya yule kijana ilikuwa ileile kabisa, hata namna ya kunyanyua kijiti. Lakini mama mumoja kati yetu alisimama, akaingia mu nyumba, hakutoka tena mupaka tukaenda.

Hatusemi ni vibaya mutoto kuigiza wakubwa. Pahali pote watoto wanaigiza. Sisi zamani tuliigiza soko, tuliigiza harusi, tuliigiza mwalimu na fimbo yake, tulitengeneza vichukudu vya matawi na kushuka navyo mulima mupaka tunachubuka magoti. Lakini hesabuni wenyewe: mutoto ambaye alikuwa na miaka mine wakati tulikimbia, leo ana mitano na nusu. Akili yake ilifunguka mu kambi. Soko hajaliona vizuri, harusi hajaiona. Ameona mulolongo, ameona jetoni, ameona mutu mukubwa, baba yake mwenyewe, akiambiwa rudi kesho. Ataigiza nini kingine?

Pale njo tulianza kuuliza: kiwanja chetu kiko namna gani?

Tulienda kukiangalia. Wazee munakumbuka kilivyokuwa: magoli mawili ya miti, upande wa barabara wale wa mupira, upande wa chini wasichana na kamba zao. Mwaka 2021, wakati Nyiragongo ilipasuka tarehe 22 Mei, na siku tano nyuma watu wa Goma wakaambiwa watoke, walipita hapa kwa maelfu wakielekea Minova. Watoto wao walicheza na wetu pale pale. Wakati ule sisi njo tulikuwa wenye nyumba, wao wakimbizi. Dunia inageuka.

Leo goli moja halipo, lilipikiwa chakula zamani. Nusu ya chini ni maharagi. Na upande wa korongo kuko fimbo zenye vitambaa vyekundu.

Tuanze na fimbo. Mwezi wa tano kijana wa miaka tisa, alikuwa anafuata mbuzi, aliona kitu cha chuma kimetoka mu udongo karibu na korongo, kina mapezi kama samaki. Hakukigusa. Alirudi kwa njia ileile alikuja nayo, akamuita RECO wa senta ya afya. Tulimuuliza nani alikufundisha; akasema, kule Bulengo kuko watu walipita na mapicha. Basi tuseme aksanti kwa wale watu, hata kama hatuwajui, juu wakati ule wengi wetu tulisema: wanatuletea mapicha, chakula iko wapi? Ndugu yake mudogo, mwenye miaka sita, alikuwa amekwisha kukitupia jiwe. Mungu alisaidia.

Wafundi wa mabombe walikuja, kisha siku nyingi za kungojea, na wakakiondoa. Walituambia hivi, na tunarudilia maneno yao vile yalivyo: wamepima toka barabara mupaka pa goli lililobaki, na lile shamba la maharagi. Upande wa korongo haujaisha. Watarudi. Mvua ikinyesha sana inaweza kuteremusha vitu toka juu, kwa hiyo hata pale walipima, macho yabaki wazi.

Njo maana tunaomba, na hapa komite haiombi tena, inakataza: mutu asingoe fimbo zile kwa kuni. Mutu asichome majani ku kiwanja wala pembeni yake, juu moto na kitu kile haviendi pamoja. Siku ya salongo tutakata majani kwa mupanga, hatutalima. Na mutoto akiona chuma hajui: asiguse, asitupe jiwe, arudi mu nyayo zake, aite mukubwa. Mama, ukimutuma mutoto kutafuta kuni, mwambie maneno haya kila mara, hata akichoka kuyasikia. Wale wanakusanya vyuma vya kuuza kwa kilo, munajisikia. Hatutataja jina.

Sasa maharagi.

Mama aliyeyapanda ni mwanachama wetu, yuko hapa ndani, na ametukubalia tuseme. Shamba lake liko juu, kule ambako mupaka leo hatujui kama mutu anaweza kulima. Alirudi na watoto watano. Mwezi wa tatu, wakati wa kupanda, aliona pahali pa wazi, udongo muzuri, hakuna mutu. Akapanda. Wengine wawili walimuona, nao wakaongeza mistari yao. Na maharagi, wandugu, yamekubali kweli.

Mu komite tuligawanyika. Wamoja walisema: kiwanja ni cha wote, mutu hawezi kugeuza cha wote kuwa chake, tukinyamaza leo kesho atajenga. Hilo neno lina ukweli, juu ya udongo mu Masisi yetu mambo makubwa yalianzia pa kidogo. Wamoja wakasema: utangoa maharagi mwezi wa sita, imebaki wiki mbili au tatu yakauke, kusudi watoto wacheze? Na wale watoto watano watakula mupira?

Tulilala bila jibu. Kesho yake tulienda tena ku kiwanja, na tukakuta watoto wamekwisha kulitatua tangu zamani. Wanacheza goli moja. Timu mbili, kipa mumoja. Ukinyanganya mupira, unapashwa kwanza kuurudisha mupaka pa jiwe la katikati, njo unashambulia. Mupira ukiingia mu maharagi, mutu mumoja tu anaenda kuuleta, anapita katikati ya mistari kwa vidole vya miguu. Mutu aliyewapangia hayuko. Tulimuuliza kipa kama inawasumbua. Alisema: «Ni maharagi ya mama ya fulani, atatupiga.» Ikaisha.

Basi maamuzi ni haya, na yule mama amekubali mbele ya mashahidi: maharagi yanabaki mupaka yavunwe. Kisha kuvuna, pahali pale panarudi kuwa kiwanja, hapapandwi tena mu mwezi wa tisa. Na umoja wetu umuangalilie pahali pengine mbele ya mvua kurudi. Hii ya mwisho ni deni letu. Tusipolipa, hatutakuwa na kinywa cha kumwambia atoke. Tarehe 16 tutatumia nusu ya juu, na itatosha.

Twende ku jambo ambalo lilituuma zaidi.

Kuko shirika moja, hatutalitaja, walikuja na roho nzuri. Walisema: tumesikia munatayarisha siku ya watoto, tuko na biskwiti na mashimizi kwa watoto mia moja. Mutupatie lisiti ya watoto waliorudi. Tukauliza: na watoto wa wale walibaki? Wakasema, projeti yetu inaandika waliorudi.

Wandugu, munajua kwamba si sisi wote tulikimbia. Kuko majirani walibaki hapa mwaka mzima. Wamoja walikuwa na wazee hawawezi kutembea, wamoja walikuwa na ngombe, wamoja walikimbia mara tano mu maisha yao wakasema ya sita hapana. Wakati tulirudi, nani alitupatia moto wa kupika siku ya kwanza? Kweli kuko pia maneno mengine kati yetu: bati ya mutu imeonekana ku nyumba ya mwingine, mulango wa mutu umekuwa meza. Mambo hayo yana pahali pake, mbele ya wazee na shefu wa lokalite, na tutayasikia moja moja. Lakini kupanga watoto mu mulolongo miwili, huyu shimizi mupya, huyu anaangalia, mbele ya goli moja? Tukawaza yule kijana juu ya jiwe. «Mutoto haiko ku lisiti.»

Tulisema: kama ni kwa watoto wote, karibu, hata kila mutoto akipata nusu ya biskwiti. Hawakuweza, kazi yao ina masharti yake, na tuliagana vizuri. Sasa kuko wanachama wamekasirika na sisi. Wanasema: ninyi wa komite mumekula, munakataa biskwiti ya watoto wa wengine. Tunawasikia. Mutoto wa njaa hali heshima. Hatuna uhakika mia kwa mia kwamba tulifanya vizuri, na mutu anaona tulikosea asimame aseme kisha maneno haya, hatutamukata. Lakini lisiti hatutaandika. Siku ile hakuna jetoni, hakuna kuita majina, hakuna kuuliza mutoto baba yako alikimbia ao alibaki.

Kwa hiyo chakula kitatoka kwetu wenyewe. Franga ni nguvu. Benki za Goma zilifungwa Januari 2025, noti zilizobaki mikononi zimechakaa mupaka wauzaji wanazikataa. Basi hatuombi franga. Mwenye mutama alete mutama, mwenye soja alete soja, mwenye mahindi alete mahindi, kopo moja moja, mbele ya juma tano. Wamama wawili wa komite watapeleka ku kinu, watafanya sosoma. Sukari, duka tatu zimeahidi. Asiye na kitu alete kuni ao maji, ao mikono yake. Kila mutoto aje na kikombe chake, na mama aweke alama ku kikombe. Waliobaki wamekubali kuleta maziwa na sufuria mbili kubwa; na ni wao walisema wenyewe, hatukuwauliza.

Maji: kolera haijatoka mu pwani yetu ya ziwa, hilo munalijua. Hakuna kuchota ku ziwa na kumwaga mu uji. Tutatumia maji ya bomba, na RECO wataweka dawa mu mabidoni ya kunawa, moja pa kuingilia, moja karibu ya choo. Mutoto mwenye kuhara ao mwenye vipele abaki nyumbani siku ile. Tutamupelekea uji wake.

Watoto wasiteremuke ku ziwa. Vijana wane watakaa pa njia ya chini, vijana wengine wane pa fimbo nyekundu, hawacheze wala hawaangalie simu. Vijana wa Musalaba Mwekundu wataleta kisanduku chao.

Tutaanza saa tatu, tutamaliza saa saba, kusudi wale wa milimani wafike kwao jua lingali juu. Barua kwa wakubwa wa pahali imekwisha kuandikwa na kupokelewa. Tunaomba mutu yeyote asije na silaha ku kiwanja, hata kama ni ndugu ya mutu, hata kama anapita tu kusalimu. Barua inasema hivyo pia.

Maneno ya wakubwa: dakika tano, mutu mumoja, bila mikro. Viti tutaleta sita kwa wazee na wamama wenye mimba. Prezida wetu amekubali kusimama. Tunajua sherehe zetu: watoto wanasimama mu jua saa mbili wakingoja mutu wa gari, kisha wanaimba, kisha wanapigwa picha, kisha wakubwa wanaenda kula. Mara hii hapana. Na picha za watoto, mutu asipige bila kuuliza muzazi.

Kuko mutu atasema, muko na bati za kutafuta, muko na mashamba yenye mabombe, muko na watoto hawajarudi mu masomo, na munapoteza wiki mbili juu ya mupira na kamba. Mapatano ya Umoja wa Mataifa ya 1989 juu ya haki za mutoto, kipande cha 31, yanaandika wazi kwamba mutoto ana haki ya kupumuzika na kucheza, na inchi yetu iliyakubali 1990. Lakini hatufanyi juu ya karatasi. Tunafanya juu tulimuona yule kijana na karto yake, na hatujui dawa nyingine isipokuwa kumupatia kitu kingine cha kuigiza. Wakituona wamama wa waliorudi na wamama wa waliobaki wanasonga uji mu sufuria moja, labda chini ya muti wa avoka watacheza hiyo. Labda hapana. Tutaangalia.

Usiku huu mujulishe majirani, wale walirudi na wale walibaki, kwamba salongo ni kesho saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mupanga na fagio, si jembe. Tunakutana pa barabara, tunaingia pamoja, mutu asitangulie. Mipira tuko nayo miwili ya majani, na mumoja wa kweli unatoa upepo. Mwenye pompo ya moto ao ya velo atuambie. Wasichana wameomba kamba ndefu, ile ya kuruka watu watano, na mu stoki yetu haiko. Nani ana kamba?